Taa Iliyozimwa kwa Kilemba

Si kweli kwamba Hukam Singh, mtunza silaha wa ngome ya Dhanvasa, alikuwa amelewa alipozima taa ya ibada kwa kilemba chake. Siku hiyo ya Dasara, sikukuu ya Kihindu, silaha zote zilipangwa uani zibarikiwe, na Mama Rani, malkia wa ngome, alikuwa akipitisha moto wa taa juu ya kila moja. Hukam alimtangulia akizisafisha. Kwenye bunduki ya mwisho, ile ya kulipuliwa kwa utambi, aliingiza ufito mtutuni ukakwama kabla ya kufika chini. Ndani mlikuwa na baruti, mtutu umewaelekea wanawake waliokuja kutazama ibada, na taa imeshakaribia tundu la kuwashia. Kupiga kelele kungechelewa. Akavua kilemba, akaifunika taa.

"Bangi ya sikukuu imempanda babu!" akacheka mpwa wa Rani.

"Cheka, bwana mdogo," Hukam akasema. "Ila usiiguse. Ina risasi."

Walipoichokonoa, ikatoka risasi na baruti ambayo bado ilikuwa kavu. Bunduki hizo zimetunzwa na ukoo wa Hukam kwa vizazi vitatu. Nani kati yao aliyeiacha hivyo, familia haisemi, na haitasema.