Matanga ya Kila Jumamosi

Asubuhi ya Jumatano iliyopita, katika kundi letu la simu la watu wa Azaiba, hapa Maskati, ambalo kwa kawaida hutangaza sambusa na vyumba vya kupangisha, ilitufikia habari kwamba mzee wetu wa mpira wa magongo amefariki dunia hospitali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Timu yake imepoteza nusu ya mashabiki wake. Sitii chumvi, walikuwa wawili. Wake na wazazi wa wachezaji siwahesabu, kwa sababu wao hawana hiari.

Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba mimi si mtu wa michezo. Marehemu nilimjua kwa ujirani. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana na gongo lake, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu, na timu aliyoikuta mtaani ndiyo aliyoishika. Niliwahi kumuuliza kwa nini hahamii timu nyengine. Akanambia, “Timu huichagui, bwana. Unaikuta, kama ami zako.” Msimu huu, mpaka anatutoka, timu hiyo ilifungwa kila Ijumaa bila ya kuruka hata moja. Moyo wake nao ulikuwa mgonjwa, na daktari alikwisha mkataza kupanda ngazi za jukwaa, akawa anakaa pembeni ya uwanja kwenye kiti cha kukunja. “Sitaki ubingwa mie,” alikuwa akisema. “Nnataka washinde moja tu, nami niko hai.”

Kila baada ya kufungwa, Jumamosi baada ya Alasiri, aliufungua ukumbi wake wa wageni, ule tunaouita sabla, akakaa matanga. Nakusudia matanga hasa. Tuliingia mmoja mmoja, tukampa mkono, tukamwambia Mungu akupe subira, naye akajibu, “Amin. Kazi ya Mungu, na ya golikipa.” Kisha ikaja tende na kahawa. Hapa kwetu kahawa humiminwa tena na tena mpaka mwenyewe utikise kikombe kuonesha kwamba umetosheka. Katika sabla ile, aliyetikisa kikombe kabla mechi haijasimuliwa yote alitazamwa kama mtu aliyeondoka maziko kabla kaburi halijafukiwa. Nilikunywa kahawa nyingi msimu huu, na usingizi wangu haujarudi sawasawa.

Shabiki wa pili alipatikana kwa makosa. Ni kijana wa Kikenya, fundi wa viyoyozi, anakaa Mawaleh. Jumamosi moja alikuja kutengeneza kiyoyozi cha sabla akatukuta tumeinamisha vichwa. Akauacha mfuko wa vifaa mlangoni, akavua viatu, akatupa mikono mmoja mmoja, akakaa. Alipokwisha kunywa kikombe cha kwanza akamuuliza mwenyeji kwa sauti ya chini, “Poleni sana, mzee. Marehemu aliugua kwa muda mrefu?” Mzee akafikiri. “Tangu mwanzo wa msimu,” akasema. “Na alikuwa nani wako?” Mzee akamwambia ni sita kwa moja, na hilo moja walijifunga wale wenyewe. Fundi hakucheka. Alisema kwao Kenya timu ya shule yao ilikuwa ikipigwa hivyo hivyo, na angependa kujua hayo sita yaliingiaje. Kiyoyozi hakikutengenezwa siku ile. Ijumaa iliyofuata nilisikia kuna viti viwili vya kukunja.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo hili lilituchekesha sisi wengine. Siku hizi wajukuu zetu wana timu za Ulaya, za miji wasiyoijua hata kwenye ramani, na zikifungwa mwezi mzima wanabadilisha jezi. Siwalaumu, mshindi ana raha yake. Lakini mzee huyu alikuwa wa kizazi kilichoacha nyumba, makaburi na lugha ya sokoni ng’ambo ya bahari, akaja kuanza upya akiwa mtu mzima kidogo na mgeni sana. Nadhani alikwisha hama mara moja, na aliona inatosha. Niliona haya nilipolifahamu hilo, kwa sababu nilikuwa nikienda pale kwa ajili ya tende.

Wiki mbili kabla ya msimu kumalizika alilazwa. Ijumaa ile timu ikafungwa nne bila. Shemeji yake, mtu mwema asiyejua kusema uongo, akashauri tumwambie wameshinda, maana mgonjwa ni wa kufurahishwa. Mimi nikaona ni busara. Tukanunua halwa, kwa kuwa ushindi usio na halwa hakuna Mmanga atakayeuamini, tukaingia wodini tunachekelea. Mzee akaitazama halwa, akatutazama sisi. “Nani kafunga?” Shemeji akasema, “Winga wa kulia. Mawili.” Mzee akafumba macho. “Yakhe,” akasema, “winga yule toka msimu uanze hajaupiga mpira ukenda alikokusudia. Mngalisema sare, ningaliamini.” Tukakiri. Akasema kufungwa amekuzowea, kudanganywa ndiko hajakuzowea. Kisha akauliza mabao yameingiaje. Hakuna kati yetu aliyekwenda uwanjani. Ikabidi tumpigie simu fundi. Yeye alikwenda, kama kawaida, na akamsimulia yote manne, moja moja, na nani alikuwa amelala wapi. Mzee akawa anasikiliza, anaguna, anatukana golikipa, na uso wake ukapata rangi ambayo halwa yetu haikumpa. Alipoikata simu akatunyooshea mkono ili tumpe pole, tukampa.

Basi matanga yake mwenyewe yalikuwa katika sabla ile ile, kwa vikombe vile vile. Siku ya tatu ikaangukia Ijumaa, siku ya mechi ya mwisho. Tulikuwa tumejaa, watu wa wizarani, jamaa, majirani, ila fundi hakuonekana, na wapo walionong’ona kwamba vijana hawana adabu. Aliingia magharibi, suruali ina vumbi, akavua viatu, akatupa mikono. Nikamuuliza kwa sauti ya chini.

“Sare, mzee,” akasema. “Moja moja. Na ni yule winga wa kulia amefunga.”

Shemeji akafuta macho. “Sare angaliiamini,” akasema. “Winga, hapana.”

Tukacheka matangani, Mungu atusamehe, na mimi nililia pia. Nimefika umri wa kwenda kuwatazama wagonjwa mara nyingi kuliko kwenda harusini, na nimejifunza kwa kuchelewa kwamba mtu akiwa kitandani hataki kuletewa ushindi. Anataka mtu aliyekuwapo. Msimu ujao nitanunua kiti cha kukunja, ingawa sijui kwa nini golikipa huvaa kama anayekwenda vitani. Jioni ile kijana wa kahawa alipita na dele akitumiminia, na fundi akaanza kuusimulia mchezo tangu filimbi ya kwanza, taratibu, kama alivyofundishwa. Hakuna aliyetikisa kikombe.