Kibuyu Katika Mbeleko

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nilipokifunga kibuyu mgongoni kwa mbeleko na kumwacha askari wa daraja aamini kuwa ni mtoto wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sasa magoti yangu yananung'unika nikipanda ngazi za kanisa, lakini nikiikumbuka asubuhi ile hasira hunipanda kana kwamba ilikuwa juzi. Hasira yenyewe ina sehemu mbili, na nitakueleza zote.

Nilikuwa mchumaji wa kahawa katika shamba la Mzungu mmoja nje ya Ruiru. Ukipanda mapema hadi mistari ya juu kabisa ya mikahawa, uliuona mlima Kirinyaga, ndio Mlima Kenya, kwa mbali, mweupe kileleni, umetulia juu ya kila kitu. Kufikia saa tatu mawingu yalikuwa yameshaufunika. Niliutazama tangu utotoni, nikataka jambo moja tu: kutembea kwa miguu yangu mpaka nisimame chini yake. Sikuwa na shangazi huko, wala mchumba. Nilitaka kuuona.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kulegea, na watu wetu waliofungiwa vijijini walianza kupewa barua za kusafiri. Yangu niliihangaikia miezi mitatu mpaka ikapigwa muhuri. Nikaondoka. Kwenye daraja la mto Ndarugu, askari wa kizuizi hakuifungua hata.

“Bwana yako iko wapi?”

“Sina.”

“Baba?”

“Alikufa.”

“Sasa unazunguka kama mbuzi imekata kamba? Rudi uolewe kwanza.”

Wanaume waliokuwa wakingoja nyuma yangu walicheka. Nikarudi.

Hila nilipewa na Njeri, rafiki yangu tuliyechuma naye mstari mmoja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni haulizwi, alisema. Watu humwona mtoto, wakajua mama anaenda kwa watu wa mumewe. Basi nikachukua kibuyu cha mama cha kuwekea uji, nikakizungushia shuka, nikakivika kofia ya sufu. Wiki ileile, daraja lileile, askari yuleyule.

“Pita, mama,” aliniambia. “Lakini funika mtoto, kuna baridi.”

Hakunitambua. Lifikirie jambo hilo polepole, mwanangu. Barua yenye muhuri haikunipitisha. Jina langu hakuliuliza. Kilichonipitisha ni kibuyu kikavu chenye kofia. Kibuyu kilikuwa na heshima kunishinda. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya hasira yangu, na sijaitua mpaka leo.

Sehemu ya pili inanihusu mimi mwenyewe.

Mvua ilinikuta Thika mchana, nikajibanza ukutani mwa nyumba za wafanyakazi kule Makongeni. Mlango ulifunguliwa na mama mzee aliyeitwa Rasoa, aliyekuwa akiishi na mwanawe wa kiwandani, mke wa mwanawe, na mjukuu. Hakuniuliza kitu. Aliona mbeleko inalowa, akanivuta ndani kwa mkono.

“Mtoto kwanza,” alisema, akamimina maziwa kikombeni. Yalikuwa ya mjukuu wake. Nilimwona mama ya mtoto akiitazama sufuria iliyobaki tupu.

Ningeweza kusema ukweli pale, lakini sikusema. Niligeukia ukuta, nikajifanya ninalisha, nikayanywa mimi. Nilikuwa na njaa, na yalikuwa matamu. Utamu ule ndio adhabu yangu; haujaniondoka mdomoni.

Baada ya muda Bibi Rasoa akaniangalia. “Hii mtoto haijalia tangu uingie.”

“Amelala, bibi.”

“Amekunywa maziwa akilala?”

Akanyoosha kiganja amguse kipaji cha uso. Nikarudi nyuma. Mwanangu, mwanamke yule aliona mama anayekataa mtoto wake aguswe, na mtoto asiyelia, akafikia mahali ambapo mimi sikuwa nimefika. Uso wake ukabadilika. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, “Binti yangu, nipe mimi. Usiogope. Hata mimi nilizika wawili.” Na machozi yakamtoka.

Nikafungua mbeleko. Kibuyu kikakaa mezani na kofia yake ya sufu, na mjukuu akanyoosha mkono akicheka, akitaka kukichezea.

Jirani mmoja aliyekuwa amefika mlangoni alisema, “Huyu apelekwe kwa chifu.”

“Wewe nyamaza, nyumba ni yangu,” Bibi Rasoa alimjibu bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. “Maziwa ilikuwa ya huyu mtoto. Machozi ilikuwa ya wale wangu. Umekunywa yote mbili.”

Nilijitetea. Nikamweleza daraja, askari, kicheko cha wale wanaume.

“Hiyo ni ubaya wao, na ni ubaya mkubwa,” alisema. “Lakini mimi nilitoka Maragoli, kule mbali magharibi, na miguu, peke yangu, kutafuta kijana wangu huku. Kila mlango nilisema: mimi Rasoa, natoka huku, naenda huku. Wengine walinifukuza. Wengine walinipa chakula, na yule walipatia alikuwa Rasoa. Leo nani amepewa maziwa? Na yule askari, akiulizwa kama wanawake wanatembea peke yao, atasema hajaona hata moja. Umemsaidia.”

Sikulala vizuri kwa maneno hayo. Asubuhi nilimchotea maji, nikafua nepi zote za mjukuu. Bibi Rasoa akakivua kibuyu kofia, akakiosha, akakijaza uji. “Sasa kifanye kazi yake,” alisema. Kofia akamvalisha mtoto.

Kwenye daraja la Chania palikuwa na kizuizi kingine na swali lilelile. Nilijibu, “Sina bwana. Naitwa Wanjiru, natoka Ruiru, naenda kuona mlima. Barua hii hapa.” Askari akaniambia nirudi. Nikaketi juu ya jiwe kando ya kizuizi chake, nikanywa uji, na kila aliyenisalimia nilimtajia jina langu na ninakokwenda. Wanawake wa sokoni walisimama kunisikiliza, foleni ikarefuka. Adhuhuri ilipofika askari akasoma barua kwa mara ya kwanza. “Enda,” alisema. “Umenichokesha.” Nikiwa katikati ya daraja nilisikia nyuma yangu mwanamke akiulizwa bwana wake yuko wapi, naye akajibu kwa kutaja jina lake.

Nilitembea siku nyingi, nikilima mashamba ya watu ili nile, mpaka nikasimama ukingoni mwa msitu, mlima ukiwa karibu hata haukuenea machoni. Nilichota maji ya mto wake kwa kibuyu. Yaliniuma meno. Nililia kwa furaha.

Nakueleza haya kwa sababu juzi mjukuu wangu wa kike, anayetaka kupanda mlima uleule na hema lake, alinionyesha pete ya ndoa aliyoiazima, aivae njiani asisumbuliwe. Miaka yote hii, na bado kibuyu kinatakiwa. Nilikasirika, lakini si naye.

Basi sikia, binti yangu, wewe nawe unayetaka kusafiri peke yako. Nenda. Mwachie mtu wa nyumbani habari ya njia utakayopita. Ukikutana na mwovu, mdanganye utakavyo upone; sitakulaumu. Lakini anayekufungulia mlango mpe jina lako halisi, na maziwa ya mtoto usiyanywe. Na wewe unayekaa mlangoni, mwanamume au mwanamke, akifika msichana peke yake mpe uji kabla ya swali, na swali lako lisiwe la mume.

Mungu aipe miguu yako nguvu na ngozi ngumu, akukutanishe na akina Rasoa kila mvua inaponyesha, na siku ukifika, mawingu yafunguke uuone mlima wote.