Ng'ambo Iliyoota Kipele

Wewe unayeandika "ngombe", na wewe mwenzake unayeandika "ngambo", mnanichosha. Mkiulizwa, mnasema simu imekataa. Simu haijakataa kitu, ni uvivu tu. Kaeni hapo niwasimulie habari za mama mmoja wa miaka hamsini na nane, ambaye kompyuta ilimpa kila sababu ya kuitupia lawama na hakuitupia.

Wanamwita Mama Vipele. Usoni hana hata kimoja, jina limetoka kazini. Ana chumba kinachotazama barabara. Upande wa dirisha yuko yeye na kompyuta yake, na printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Upande wa mlango yuko wifi yake, dada wa mumewe, na cherehani. Mmoja anachapa, mmoja anashona, na midomo yote miwili inafanya kazi.

Mteja wake mkubwa ni mfasiri mmoja mwembamba, mtu wa haraka, anayegeuza vyeti na barua za watu kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Sasa Kifaransa kina herufi zenye alama kichwani, nyingine imeinama, nyingine imevaa kama kikofia. Mama alipoziona mara ya kwanza aliuliza kama zimeota vipele au ni uchafu wa printa. Jina likamng'ang'ania tangu siku hiyo.

Kibodi yake haikuwa na vipele, basi akajibunia utaratibu. Anachapa herufi tupu, anatoa karatasi, halafu anachomoa kalamu nyeusi ya ncha nyembamba inayolala kwenye kikoba cha miwani, na kuvipanda vipele kimoja kimoja kwa mkono. Miaka kumi na moja alifanya hivyo, na hakuna ofisi iliyowahi kushtuka.

Jumanne moja asubuhi mfasiri akaja na sura ya msiba. Ofisi za huko ng'ambo hazipokei karatasi tena, zinataka faili kwa barua pepe. Na mkononi alikuwa na barua ya mwanamke anayeomba kumfuata mumewe ng'ambo yeye na wanawe. Kurasa nne, Kifaransa juu, Kiswahili chini. Inatakiwa kesho saa nane mchana. Hakuzunguka mbuyu. Kama mama hawezi, yeye atahamishia kazi zake zote kwenye lile duka la ng'ambo ya barabara, lenye vioo na kiyoyozi.

Kazi za mfasiri ndiyo nusu ya siku ya Mama Vipele. Bila yeye angebaki na kadi za harusi na matangazo ya vyumba vya kupanga.

Wifi, bila kuinua macho kwenye pindo, akamshauri avichore vipele juu ya kioo, kisha aitume kompyuta yenyewe kwa posta.

Mama akampigia fundi wa kompyuta. Fundi akamuuliza kama hapo ana wifi. Akajibiwa kwamba anaye, yupo hapa anatia vifungo, ila kwa kompyuta hana msaada wowote. Fundi alicheka mpaka simu ikakatika, lakini alikuja. Akaingia kwenye mipangilio, akaweka kibodi ya Kifaransa, akaondoka kabla mtu hajachapa neno.

Mama akajaribu "mama". Ikatoka ",q,q". Akajaribu "baba". Ikatoka "bqbq". Kumbe Wafaransa wamezipanga herufi kwingine, kwa hiyo kilichoandikwa juu ya kitufe sicho kinachotoka. Wifi akataka kujua huyu bqbq ni wa ukoo gani, maana kwao hayupo.

Hapa ndipo wewe ungezima mashine ukaenda kulala. Mama Vipele akafuta miwani. Vidole vya fundi alikuwa amevitazama vilipopita, akapita mlemle, akafungua orodha ya kibodi na kuisoma jina kwa jina mpaka chini. Akakuta moja inayoitwa ya kimataifa. Herufi ziko palepale alipozizoea, ila kile kikoma cha juu ndicho kinachoota vipele. Akakibonyeza, hakikutoka kitu. Akabonyeza e. Ikatoka é.

Akairudia mstari mzima. Mumewe, mwashi mstaafu, alipoleta chai alikuta kioo kimejaa é é é, akauliza kwa upole kama mashine inaumwa. Mama akasema haijawahi kuwa nzima kama leo, akanywa chai yake yote ikiwa moto.

Kesho yake, kufika saa sita, Kifaransa kilikuwa kimekwisha, na vikofia navyo amevipata kwenye vitufe vingine. Kiswahili alikichapa bila hata kutazama kioo, vidole vyake vinakijua. Saa saba na nusu akamwita wifi apitie, kwa sababu wifi anasoma kama anavyoshona, hatua kwa hatua, haruki. Akasimama mstari wa pili.

"Wifi, hii ng'ambo mbona imeota kipele?"

Mama akasogea. Ngámbo. Akashuka chini, ngámbo tena, mara tisa. Na pale mwanamke aliposema watoto wanamng'ang'ania wakimuulizia baba, ilisomeka "wananingángánia". Kibodi aliyoifunza kuota vipele ilikuwa inamwotesha kila apitaye. Ikiona kikoma kimefuatwa na a, yenyewe haiulizi hii lugha gani.

Dakika thelathini zimebaki. Wifi akasema aache tu, huko inakokwenda nani anajua Kiswahili.

"Mwenye barua anajua," mama akasema. "Hilo ndilo neno la aliko mumewe. Simwandikii hovyo."

Akabonyeza kikoma, akatulia. Hakikutoka. Akagusa kile kitufe kirefu cha nafasi. Kikatoka kikoma kitupu, safi, bila kumrukia mtu. Akaandika a. Ng'a. Akazifuata zote moja moja, wifi akihesabu kwa sauti kama mwamuzi wa ngumi, mpaka tisa zikatimia, na wale watoto nao wakang'ang'ania sawasawa. Dakika zilizobaki akairudisha na kibodi yake ya zamani iketi pamoja na mpya. Vitufe viwili kwa mpigo, lugha inabadilika, na viherufi vidogo pembeni ya kioo vinakwambia uko wapi.

Mfasiri aliingia saa nane kasoro dakika chache, akasoma akiwa amesimama. Ukurasa wa pili akavuta kiti. Alipomaliza akaituma palepale kwa intaneti ya simu yake, akatazama kikoba cha miwani kilichokuwa wazi mezani.

"Mama, kalamu yako iko wapi?"

"Muulize wifi yangu. Inachorea mikono ya mashati."

Akacheka, na akasema kesho ataleta vyeti vitatu. Duka la vioo hakulitaja, na mama hakumkumbusha. Akageukia tangazo la chumba cha kupanga, akabonyeza vitufe vyake viwili, akatazama pembeni ya kioo, akaanza kuchapa.

Sasa na wewe. Hicho kikoma cha juu kimo kwenye simu yako, kitafute leo. Kisha mwandikie mtu wako aliye ng'ambo, ya bahari au ya barabara, na hilo neno uliandike zima.