Walisema Nina Mimba

Kabla sijaugua, tumbo langu halikuwa habari ya mtu yeyote. Naitwa Nashipae. Nilizaliwa nje ya Kitengela, enzi zile punda milia walikuwa bado wanapita karibu na boma letu, kabla ploti hazijazungushiwa waya. Baba alikuwa mfugaji. Mama, ambaye tulimwita Yeyo kwa Kimaa, ndiye aliyeshikilia kwamba lazima nisome. Nilipomaliza darasa la nane alinisindikiza mwenyewe hadi shule ya bweni ya wasichana, upande wa Kajiado. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho.

Niwaambie na tulivyoishi nyumbani, kwa sababu inahusika. Tulikuwa na mbwa wengi. Nilichunga nao tangu nikiwa mdogo, nikala nikiwashika, wakanilamba hadi mdomoni. Tukichinja, yale maini na mapafu yenye malengelenge, ambayo watu hawali, tuliwarushia wao. Maji tulichota kwenye bwawa moja na wanyama. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula nilikujua darasani tu, na nilikuandika vizuri kwenye mtihani.

Nikiwa kidato cha pili nilianza kusikia uzito chini ya mbavu za kulia, kama jiwe limeshonewa ndani. Halafu nikaanza kutapika asubuhi. Mashavu yakaisha, mikono ikawa vijiti, lakini tumbo likapanda. Sketi haikufunga tena. Niliishika na pini nikavaa sweta, hata jua likiwa kali.

Kwenye kitanda cha chini yangu alilala Mwikali, msichana Mkamba ambaye wazazi wake walikuja Kitengela kutafuta kazi ya viwanda. Tuligawana sabuni na siri. Asubuhi moja alinikuta nyuma ya vyoo nimeinama.

"Umeanza lini kutapika?" akaniuliza.

"Ni maharagwe ya jana."

"Sisi wote tulikula hayo maharagwe, Nashipae."

Haikupita wiki matroni wa bweni akaniita. Alinilaza kitandani akanibonyeza tumbo kwa vidole, kwa nguvu, hadi machozi yakanitoka.

"Ni ya nani?"

"Nini, matroni?"

"Usinifanye mjinga. Ni ya nani?"

Nilipelekwa kliniki mjini nikapimwa mkojo. Hakukuonekana kitu. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. "Mkojo ni kitu cha kuazimwa," akasema. Nikarudishwa, safari hii matroni akasimama nami chooni akiniangalia. Bado hakukuonekana kitu. Nikawaambia kwa aibu kwamba damu yangu ya mwezi inakuja kama kawaida. Matroni akajibu kwamba wako wanaoona damu na bado wanazaa. Kila nilichosema kiligeuka ushahidi dhidi yangu. Nikaambiwa niende nyumbani hadi ukweli ujulikane.

Nilipokuwa nikifunga sanduku, Mwikali hakuniangalia. Hapo nikajua ni nani alisema. Njia nzima nilikuwa nikimfikiria vibaya. Nikakumbuka chai alizoniwekea nikiwa nimechelewa. Je, alinitilia kitu? Kwa nini mimi tu ndiye ninayeugua? Moyo ukishaanza kushuku haukosi mahali pa kuuma.

Nyumbani nilimwinamishia baba kichwa anisalimu, kama desturi yetu ilivyo. Hakukigusa. Alitazama tumbo langu, akachukua fimbo akaenda kwa ng'ombe.

Muda si mrefu mzee mmoja akaanza kuja kwetu na sukari na majani ya chai. Nikipita, yeye na baba wananyamaza. Hakuna aliyeniambia kitu. Lakini msichana wa nyikani anajua sukari ya mgeni wa kila wiki inamaanisha nini.

Yeyo aliniita tukiwa tunakamua.

"Niangalie. Kuna mtu amekugusa?"

"Hakuna, Yeyo."

"Mimi sijui hii ni nini," akasema. "Lakini nikikuacha hapa utaozwa ukiwa mgonjwa. Jitayarishe, tunaenda hospitali."

Nilitayarisha nguo zangu, lakini hata yeye sikumwamini. Nilidhani ananipeleka kuhakikisha tu, ili na yeye apate la kumwambia baba.

Daktari alikuwa kijana. Alinipaka mafuta baridi tumboni akapitisha ile mashine ya picha. Akaita mwenzake. Wakasemezana Kiingereza cha chini chini, nikasikia tu wakisema ni kubwa sana. Nikafumba macho. Nikajiuliza kama inawezekana mtu apate mimba bila kujua.

"Daktari, ni mtoto?" Yeyo akauliza.

"Mama, hapa hakuna mtoto. Ni mfuko wa maji, uko kwenye ini. Nyumbani mko na mbwa?"

Nilikasirika. Nilifikiri ananicheka, kwamba Mmasai haulizwi kitu ila mifugo. Lakini hakuwa anacheka. Alivuta kiti akatueleza pole pole. Kuna mnyoo anayeishi ndani ya mbwa, naye mbwa humpata akila maini yenye malengelenge. Mayai yake hutoka na kinyesi, ni madogo, macho hayayaoni. Yanashika kwenye manyoya, kwenye maji, kwenye mikono. Mtu akiyameza, yai moja linaenda kukaa kwenye ini na kutengeneza mfuko, na mfuko unakua miaka na miaka.

"Huu ulianza ukiwa mtoto mdogo," akaniambia. "Na ukipasuka ndani unaweza kukuua. Usibebe mtungi. Mtu asikugonge wala kukubonyeza hapo."

Nilikumbuka vidole vya matroni.

Nilipewa vidonge kwanza. Nywele zilinyonyoka, mdomo ukawa mchungu, macho yakawa manjano. Kisha nikafanyiwa upasuaji Nairobi. Nilizinduka nikiwa na mpira umetoka ubavuni, unadondosha maji ya rangi ya chai kwenye chupa. Kukohoa kulikuwa kama kupasuliwa tena. Baba alikuja. Daktari akamwonyesha walichotoa: vifuko vyeupe, laini, vingi, kama mayai yasiyo na ganda. Baba aliviangalia, akatoka nje. Aliporudi aliweka mkono wake kichwani mwangu, akauacha hapo. Hakuomba msamaha, na mimi sikuudai. Yule mzee wa sukari hakuonekana tena, na mpaka leo hakuna aliyeniambia alikuwa anatafuta nini.

Mwaka uliofuata nilirudi shule nikarudia kidato cha pili. Nilidhani nimeshinda. Siku ya kwanza bafuni, msichana mmoja akaona kovu akamnong'onezea mwenzake, "Si nilikuambia? Alizaa kwa operesheni."

Mwikali alikuwa kwenye beseni la pili. Akageuka na povu usoni. "Wewe, mtoto anakaa kwenye mbavu? Hiyo biolojia yako ulisomea wapi?"

Bafu zima likacheka. Baadaye akanifuata kwenye kamba ya nguo.

"Ni mimi niliyemwambia matroni," akasema. "Ulikuwa unatapika kijani, nikaogopa utakufa hapo juu yangu. Sikusema mimba. Nilisema mgonjwa."

Nilimwamini nusu. Nusu ya pili ilichukua miaka kufika, lakini ilifika, na leo watoto wangu wanamwita shangazi.

Wasichana, mkiumwa semeni, na msiposikika semeni tena kwa mtu mwingine. Naweni mikono kwa sabuni, hata kama mbwa wenu ni msafi machoni. Mpeni dawa ya minyoo. Maini yenye malengelenge msimtupie, yachomeni au myazike chini kabisa. Nanyi walimu, ulizeni mara mbili kabla ya kubonyeza. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari, na namshukuru Yeyo, ambaye hakujua lakini hakungoja.

Niliolewa nilipokuwa mtu mzima, na mtu niliyemchagua. Siku moja nikaanza kutapika asubuhi, tumbo likapanda. Nilienda hospitali nikijua mfuko umerudi. Daktari wa kike akanipiga picha, akatabasamu, akanigeuzia kioo cha mashine.

"Mama, unaona hii inadundadunda? Huu ni moyo."

"Sawa," nikamwambia, "lakini niangalizie na ini."

Akaangalia upande mmoja, akaangalia upande wa pili. Lilikuwa safi. Ndipo nikakubali kufurahi.