Jani la Isale Kizingitini

Mama yangu hakuwahi kulala mchana. Kwetu Kirua Vunjo, mtu anayelala jua likiwa juu ana malaria, amefiwa, au amezidisha pombe ya mbege, na mama hakutaka kuwekwa katika kundi lolote kati ya hayo. Kwa hiyo parokia ilipomletea mgeni kutoka Hispania akae kwetu mwezi mmoja, alikuwa na hofu moja tu: watu wasije wakasema nyumba yake imeshindwa kutunza mgeni.

Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na watu wakaanza kung'oa mibuni. Mgeni alikuja kutufundisha kilimo cha nyanya. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikapewa kazi ya kumwelekeza. Siku ya kwanza alipita bibi jirani yetu, mjane wa miaka mingi, nami nikamnong'oneza mgeni aseme shikamoo. Aliisema vizuri kabisa. Kisha akambusu bibi shavu la kulia, akambusu na la kushoto. Bibi alisimama na ndoo yake ya maziwa mkononi, akajibu, "Marahaba," akafikiri kidogo, akaongeza, "Marahaba." Moja kwa kila shavu, nadhani.

Siku ya pili akajitolea kutupikia chakula cha kwao. Alikaanga viazi, akavimwagia mayai, akavigeuza kwa sahani kwa mbwembwe nyingi. Tulikula kwa adabu. Nikamwambia chakula hiki tunakijua, ni chipsi mayai, kinauzwa pale stendi ya Moshi na kachumbari juu. Alininunia mpaka kesho yake. Nami nilikasirika kununiwa, kwa sababu ilikuwa chipsi mayai.

Lakini shida yenyewe ilikuwa usingizi. Kila siku baada ya chakula cha mchana mgeni alifunga pazia, akavua viatu, akalala. Mwanaume mzima, mashavu mekundu! Mara ya kwanza mama alimfunika blanketi. Mara ya pili alinituma dukani kununua dawa ya malaria. Mgeni aliikataa, akaeleza kwamba kijijini kwao huo ndio utaratibu, hata maduka hufungwa watu wakalale.

"Kijiji kizima kilale mchana," mama aliniuliza jikoni, "ng'ombe wanakatiwa majani na nani?"

Hakumwamini, na kijiji nacho hakikumwamini. Siku ya nne majirani wakaja kumwona mgonjwa.

Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Mmoja alileta mtori, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine mayai. Bibi jirani alileta maziwa yote ya asubuhi ya ng'ombe wake mmoja. Wakazunguka kitanda, wakaanza rozari. Mgeni aliamka katikati ya tendo la pili, akaona wanawake kumi na mmoja wamejifunga kanga, wanamwombea, akadhani amekufa. Aliniambia mwenyewe. Alipohakikisha kwamba yu hai, aliketi, akanywa mtori wote, akaomba na maziwa.

Bibi jirani alimtazama mpaka tone la mwisho.

"Huyu haumwi," akasema, akatoka bila kuaga.

Kula chakula cha mgonjwa nawe ni mzima ni dhambi ambayo hata padri hajui akupe malipizi gani. Kesho yake hakuna aliyeitikia salamu ya mama bombani. Alirudi akalia jikoni, akisingizia moshi, nami nikamchukia yule Mhispania kwa moyo wangu wote.

Mama akafanya linalofanywa. Alikata majani ya isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akayafunga mafundo, akampa mgeni. Ukimpelekea mtu isale, hawezi kukataa kukusamehe. Basi tukapita nyumba kwa nyumba, Mhispania mbele na majani yake, akiomba radhi kwa kutoumwa, mama na mimi nyuma.

"Nisamehe, mama," alisema kila mlango. "Mimi ni mzima."

Wote walimsamehe, wengine wakimpa pole. Bibi jirani ndiye aliyelishika jani lake muda mrefu.

"Na mama yako," akamuuliza, "naye analala?"

Mgeni alifikiri. "Baba analala. Mama anaosha vyombo." Akajikuna kichwa. "Halafu naye analala kidogo. Kwenye kiti."

Bibi akamgeukia mama yangu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye nyufa za miguu.

"Nimekusamehe," akamwambia mgeni, bado anamtazama mama.

Mgeni akaenda zake, na nyanya zikafa kwa ukungu. Wiki chache baadaye nilirudi kutoka Moshi mjini saa tisa mchana, nikakuta pazia la chumba cha mama limefungwa. Nilishtuka vibaya sana. Nikakimbia mlangoni, nusura nikanyage jani bichi la isale, limefungwa fundo lile lile la mama, limelazwa kizingitini. Ndani mama alikuwa anakoroma.

Bibi jirani alikuwa amesimama pale na ndoo ya maziwa. Aliinama kwa shida, akaliokota lile jani, akalitia kwenye pindo la kanga yake. Kisha akanipa mundu uliokuwa umeegemea ukuta.

"Nenda ukakate majani ya ng'ombe," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yako haumwi. Amechoka."