Katoni ya Mlangoni

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni karatasi tano. Jumatatu nilikuwa nimeorodhesha ishirini na tatu. Alhamisi nilizikuta kumi na nane. Nililala chali nikaikazia macho dari, nikazihesabu upya moja moja kwa mpangilio wake, nikijiuliza kama nilikosea hesabu au kuna mtu aliyezichukua. Naona haya kusema kwamba nilitamani iwe wizi. Mtu anayeshindwa kuhesabu karatasi ishirini na tatu, nani atampa kazi nyingine?

Kazi yenyewe ilikuwa ya miezi mitatu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili hapa Durban, juu ya historia ya Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi, na profesa wangu akanitafutia kibarua katika nyumba ndogo ya sala ya Kiyahudi iliyobakiwa na waumini wachache, wazee watupu. Ilikuwa karibu kufungwa. Chumba cha nyuma kilijaa masanduku ya vitabu vya sala na, katikati yake, hirizi za uzazi: karatasi zilizoandikwa kwa mkono majina ya malaika, ambazo zamani zilitundikwa chumbani kwa mwanamke aliyejifungua ili jini la kike lisimguse mtoto. Babu zao walikuja nazo kwa meli. Mimi nilipaswa kuitia kila moja kwenye bahasha, kuandika namba juu ya bahasha kwa penseli, kueleza hali yake, kisha kungoja mashine ya kupigia picha itoke chuoni. Kwa hiyo zile tano hazikuwa na picha. Zilibaki mistari mitano kwenye orodha yangu, basi.

Chumba kile kiliingiwa na mimi na mlinzi tu. Mzee aliyesimamia nyumba alikuwa na ufunguo pia, lakini miguu yake ilishashindwa na ngazi za kukifikia. Hesabu hiyo haikuhitaji shahada.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo kutoka Bukavu, Kongo, akiishi na mkewe katika chumba cha uani. Nilimwita papa, yaani baba, kama wenzake wanavyomwita. Yeye aliniita docteur, daktari kwa Kifaransa, na kila mara alipolitamka neno hilo nilitafuta kicheko ndani yake nikakipata.

Lazima nieleze nilivyofundishwa. Somo langu lilizaliwa na shaka. Kitabu kikuu cha Kabala kinajidai kuwa maneno ya mwanachuoni wa kale wa Galilaya, lakini kilijitokeza Hispania, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mikononi mwa mtu mmoja aliyekuwa akigawa sehemu zake. Alipokufa, inasimuliwa, mjane wake alisema hakuna kitabu cha kale kilichowahi kuwamo nyumbani. Mumewe alikuwa akiandika kutoka kichwani. Wasomi wa zama zetu wakaja kuipima lugha yake, wakaona Kiaramu chake kina makosa ya mtu wa karne za baadaye. Wengine sasa wanasema haikuwa kazi ya mtu mmoja bali ya kundi. Profesa wangu alikuwa akituambia, kila karatasi iulizeni nani amewaleta nayo, na alipata nini. Nililishika neno hilo kama sala. Tatizo langu ni kwamba sikujua kuliacha ofisini.

Basi nikaanza kumuuliza mlinzi bila yeye kujua. Kwa nini kucha zake zilikuwa na udongo, na nyumba ile haina bustani? Ule mfuko mkubwa wa plastiki wa milia aliotoka nao Jumatano mchana ulikuwa na nini? Na Jumatatu ile, nikiwa mezani, alikuwa ameinama begani kwangu, akaniwekea kidole juu ya karatasi moja iliyochakaa bila kuigusa.

“Docteur, hii iko na Jina?”

Alimaanisha herufi nne za Jina la Mungu. “Liko,” nilimjibu. Akaonyesha ya pili, ya tatu. Liko, liko. Mpaka tano. Mkristo anayesali Jumapili kwa ngoma na gitaa, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la simu mjini, anataka nini na herufi nne za Kiebrania? Na hizo tano ndizo zilizokosekana.

Alhamisi hiyo jioni nilipitia saluni ya dada mmoja, mpangaji mwenzangu mtaani Sydenham. Naye ni Mkongo, na saluni yake iko katikati ya mji. Nimeingia hapo mara mia, lakini siku hiyo ndipo nilipoona, juu ya kioo, karatasi yenye herufi za Kiebrania.

“Ile umeitoa wapi?”

“Ya kinga. Nabii njo alinipa, yeye mwenyewe.”

“Nabii yupi? Na yeye aliipata kwa nani?”

Akamgeukia mteja aliyekuwa akimsuka. “Umesikia? Mukenya huyu, hata chumvi anaishuku! Keti dada, nikutengeneze hicho kichwa, pengine mawazo yatapata njia ya kutoka.”

Nilipanda kiti nikaitazama kwa karibu. Ilikuwa karatasi ya kuchapisha, nyeupe, inayong'aa, na herufi mbili zilikuwa zimesimama kichwa chini. Mtu mwenye akili timamu angeteremka akasukwa. Mimi niliteremka nikifikiri: hii ni nakala ya kuuzia. Zenyewe anazo nabii, na aliyempelekea namjua.

Ijumaa nilimwandikia mzee barua pepe. Niliandika kwamba nina sababu ya kuamini mlinzi ameiba karatasi tano. Nikaisoma, nikafuta “ameiba”, nikaweka “ameziondoa bila idhini”, nikajiona mwadilifu. Nilijua barua ile ingefanya nini. Wajumbe wa kamati ya nyumba ile walikuwa wakitaka kumtoa mlinzi na kuleta kampuni ya ulinzi, na aliyekuwa akimtetea ni mzee peke yake. Barua yangu ikifika mezani, kazi ingekwenda, na chumba cha uani kingekwenda nayo. Nikabonyeza kutuma.

Kisha nikatazama dirishani na kuona jua limezama. Sabato ilikuwa imeingia. Mzee alishaweka simu kando, na hangeigusa mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi jioni. Barua ilikuwa imefika na haijafika.

Nadhani ni muda huo uliobaki wazi ulionipeleka kule Jumamosi, baada ya sala ya mchana. Nilitaka kumwona usoni kabla hajajua. Mlinzi alikuwa akipanga viti.

“Papa, kuna karatasi tano sizioni.”

“Zile za mu katoni?”

“Katoni gani?”

“Ya mlangoni. Si weye njo uliziweka? Nilizika Jumatano.” Alisema hivyo huku akiendelea na viti, kama anayesema amemwagilia maji maua.

“Umezizika?”

“Mu makaburi yao. Kuko shimo. Mzee hawezi tena kutembea, minaendaka mimi. Karatasi yenye kuchoka, na iko na Jina, haitupwe, haichomwe. Inazikwa kama mutu. Unaiweka mu katoni ya mlangoni, mimi ninaipeleka. Tangu nilianza hii kazi iko vile.”

Nilihisi masikio yanawaka. Desturi hiyo naijua. Nimeiandika kwenye sura ya pili ya tasnifu yangu, na tanbihi zake, nikieleza jinsi jumuiya za Kiyahudi zinavyohifadhi maandishi yaliyochoka mpaka siku ya kuyazika. Katika sura ile ilikuwa jambo la Misri na Ulaya, la watu wa zamani. Haikunijia kwamba inaweza kuwa katoni ya sabuni, tupu na safi, iliyokaa kando ya mlango. Jumatatu nilikuwa nimezitenga zile tano zilizochakaa zaidi zisichanganyike na nyingine, nikatafuta mahali pakavu pa kuziweka mpaka mashine ije. Nikaziweka humo kwa mikono yangu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimesahau kabisa. Naye, kwa uangalifu wake, alikuwa ameniuliza kwanza moja moja kama ziko na Jina.

Na bado sikuweza kuacha. “Kuna mtu aliyekuona ukizika?”

Mlinzi akakiweka kiti chini. Akatoka kwenda chumbani kwake akarudi na mfuko wa milia. Ndani mlikuwa na mwiko wa kuchimbia wenye udongo na, zimefungwa kwa kitambaa, bahasha tano zenye namba zangu za penseli.

“Bahasha iko ya université, haina Jina. Nilikuchungia.” Akanipa. “Docteur, ulifikiri nimeuza?”

Nikazihesabu bahasha. Zilikuwa tano.

“Eish,” akasema. “Miaka yote unasoma mambo ya hawa watu, na hii haujue?”

Ilikuwa saa tisa alasiri. Niliketi kwenye kiti alichokuwa amekipanga na, kama kawaida yangu, nikaanza kutafuta njia. Ningeweza kutuma barua ya pili: samahani, nilikosea hesabu, hakuna kilichopotea. Mzee angezisoma zote mbili kwa mpigo, na habari ya katoni isingetajwa kamwe. Lakini karatasi tano zisizo na picha zilikuwa zimezikwa kwa kosa langu, na barua ya kwanza isingefutika. Ushuhuda wa yule mjane umetufikia kwa mkono wa tatu, na yule mume anashukiwa mpaka leo. Siku kamati ikitafuta sababu, ingekuta jina la kazi yake kwenye sentensi yangu.

“Papa,” nikasema, “nimeshaandika barua.”

“Kwa nani?”

“Kwa mzee. Nimekutaja. Hajaisoma.”

Akaketi naye. Alitazama mwanga wa dirishani, na nikatambua kwamba saa ya barua ile kusomwa anaijua sawasawa na mimi, pengine zaidi.

“Sasa unangoja nini?” akasema.

Mzee anakaa mitaa miwili juu. Nilipanda kilima na bahasha tano tupu mkononi, nikitunga maneno. Sentensi ya kwanza ilianza na “huenda”, nikaifuta. Ya pili ilianza na “kulikuwa na mkanganyiko”, nikaifuta pia. Mlangoni kulikuwa na kengele ya umeme. Niliiacha kwa ajili ya Sabato, nikabisha kwa mkono. Nikasikia nyayo zikiburutwa ndani, polepole, na nilikuwa na muda wa kutosha kugeuka. Mlango ulipofunguka nikasema, “Shikamoo” — Kiswahili, kwa woga — kisha kwa Kiingereza, “Mimi ndiye niliyeziweka kwenye katoni.”