Mausi Tatu na Mkono wa Kushoto

Elfu thelathini na moja. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyouma. Humo mna mausi mbili nilizonunua bila kuzihitaji, ada ya fundi, soda ya fundi, na elfu tano ya mke wangu ambayo bado sijaizoea.

Tuna steshenari hapa Bariadi. Mke wangu anachapa, mimi nazunguka maofisini mpaka Lagangabilili kutafuta kazi na kupatana bei. Siku hiyo yeye aliondoka alfajiri kwenda kuzika kijijini Zagayu. Kwenye kompyuta alikuwa ameacha mitihani ya shule, masomo sita, kazi ya siku nne, na mwalimu angeifuata saa kumi jioni. Mimi nilibakiwa na kubofya na kuprinti tu.

Nikabofya. Badala ya faili kufunguka, ikashuka orodha ya maneno. Nikabofya kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Orodha ileile. Nikampigia mke wangu, simu imezimwa. Nikavuka barabara kwa muuza vifaa.

"Mausi elfu kumi na mbili," akasema.

"Shehe, nimekuja kununua mausi, sijaja kutoa mahari."

Tukamalizia nane. Nikaichomeka: orodha ileile. Nikamrudishia, akaijaribu kwenye kompyuta yake, ikafanya kazi kama kawaida.

"Mausi ni nzima," akasema. "Sijui wewe."

Kwa hasira nikachukua ya aina nyingine, elfu saba. Nayo ikanishushia orodha. Ikabidi nimwite fundi.

Fundi alibofya mara tatu, akaguna kama daktari. "Virusi. Hapa tunapiga Windows upya. Elfu kumi."

"Na mitihani?"

"Inafutika. Kuiokoa ni elfu kumi nyingine."

Nakiri kwamba nilianza na elfu tatu. Siku nne za mke wangu, masomo sita na hesabu zake zenye pembetatu, na mimi nimekaa hapo napandisha mia tano mia tano. Fundi alikuwa amefika elfu saba na flashi iko mkononi, mke wangu akaingia, kanga ya msibani bado kiunoni.

"Mnafanya nini?"

"Kompyuta imekufa," nikasema.

Akakaa, akahamishia mausi upande wa kushoto wa kibodi, akabofya kwa mkono wa kushoto mara mbili. Mtihani wa Hisabati ukafunguka.

"Niliigeuza mimi," akasema. "Huwa nairudisha kabla hujaingia. Jana simu ya msiba ilipokuja nikasahau."

Kumbe kwa miaka miwili alikuwa anaingia kwenye mipangilio, anafungua sehemu ya mausi, anachagua kitufe cha kulia kiwe ndicho kikuu, anachapa siku nzima, kisha anarudisha. Sikumuuliza kwa nini alificha. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni anachambua choroko, hapokei hata kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto. Na siku tunafungua duka, mimi ndiye niliyetangaza kwamba hapa mteja anahudumiwa kwa kulia.

"Mitihani ipo?" mama akauliza bila kugeuka.

"Ipo, mayu," mke wangu akasema.

"Basi mwacheni afanye kazi."

Tuliprinti, mwalimu akachukua. Fundi alidai elfu kumi yake ya kuja na kugundua, akanywa na soda juu.

Jioni mke wangu akatengeneza akaunti mbili kwenye kompyuta, yake na yangu, kila mtu na mausi inavyomwelekea. Akanidai elfu tano. Nikamwambia punguza.

"Fundi umemlipa kumi kwa kukosea, baba."

Nikalipa. Shida ni kwamba kazi zote sasa ziko upande wake, na upande wake una nywila. Akisafiri, duka linalala. Nimemwomba, anasema nitaje bei. Nimefika elfu mbili, anacheka. Na muuza vifaa amekataa kurudisha hela ya mausi. Wewe unayesoma, kama umeoa mtu wa mkono wa kushoto, nishauri: niongeze, au nianze kwa kumwomba radhi? Maana hiyo nahisi ni bure, ila sijawahi kuijaribu.